Kalenda ya simu bila akaunti, na siku za bamvu

SWALI: Asalaam alaykum. Nalima mwani. Nimenunua simu ya Android, sina akaunti yoyote ya mtandaoni na sitaki kufungua. Kila nikitaka kuandika siku za bamvu, maji yanapojaa na kupwa sana, kwenye kalenda, simu inanidai akaunti kwanza. Hakuna njia nyengine?
Mkulima, Jambiani

JIBU: Waalaykum salaam, bibie. Njia ipo. Kwenye Android, kalenda unayoifungua ni dirisha tu. Mambo yenyewe yanakaa kwenye ghala la mfumo, na ghala hilo halipokei kitu kisicho na mwenyewe: kila tukio liwe la kalenda fulani, na kila kalenda iwe ya akaunti fulani. Simu isiyo na akaunti mara nyingi haina kalenda hata moja humo. Mfumo unaruhusu kalenda ya ndani, ambayo mwenyewe ni simu, ila programu nyingi hazikupi pa kuifungulia.

Chukua Fossify Calendar, ambayo ina hifadhi yake yenyewe. Usiitafute Play Store, nako utadaiwa akaunti. Ingia f-droid.org kwa kivinjari, pakua F-Droid, duka la programu lisilodai akaunti, ruhusu kivinjari kusakinisha programu, kisha itafute Fossify humo. Ukishamaliza, ifunge ruhusa ile uliyokipa kivinjari. Ukiifungua kalenda, ikubalie kutuma arifa, na sehemu iliyoandikwa CalDAV iache imezimwa, maana hiyo ndiyo inayotafuta akaunti.

Sasa bamvu, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Usiweke lijirudie kila siku 14. Kutoka bamvu hadi bamvu ni wastani wa siku 14 na saa 18 hivi, kwa hiyo baada ya mara nne tu simu itakuita siku tatu kabla ya wakati, maji bado hayajafika bamvu. Andika bamvu nne zinazofuatana, kila moja peke yake, kwa kufuata mwezi kama mnavyohesabu siku zote: mwandamo na mpevu. Kisha kila moja iweke ijirudie baada ya siku 59, kwani miezi miwili ya mbinguni ni siku 59 na kidogo. Kwa mwaka mzima itapotea kwa saa chache tu.

Angalia na saa. Maji yakipwa saa nne asubuhi, andika 10:00. Ukiandika 04:00, simu itakuamsha saa kumi alfajiri. Saa za mchana ongeza sita. Saa mbili usiku ni 20:00.

Na kwa vile hakuna akaunti, hakuna nakala popote. Simu ikianguka majini, kalenda imekwenda nayo. Kila mwezi fungua mipangilio ya Fossify, hamisha matukio kwenye faili la .ics, ulitie kwenye kadi ya kumbukumbu au ulitume kwa Bluetooth kwenye simu ya mtu wa nyumbani. Siku ukinunua simu mpya, unaliingiza faili hilo hilo na kila kitu kinarudi.

SWALI: Kalenda yangu haina akaunti na ilikuwa sawa, lakini siku hizi ukumbusho hautoki mpaka niishike simu. Kwa nini?
Msomaji, Wete

JIBU: Simu yako inabana betri. Skrini ikizimika kwa muda, simu nyingi huzilaza programu zinazofanya kazi chinichini, na kalenda ikalala nazo. Ingia Mipangilio, Programu, chagua kalenda, kisha Betri, uweke isiwekewe vizuizi. Kama simu ina orodha ya programu zinazoruhusiwa kujiwasha zenyewe, itie na kalenda humo. Halafu jaribu: andika jambo la dakika kumi mbele, zima skrini, usiiguse simu.