Nani anakusahihisha?

Swali la wiki hii lilikuwa hili: je, mtu aliyekwisha kubobea katika kazi yake ana haja ya kuendelea kujifunza, na kama anayo, ajifunze kwa njia gani? Sehemu ya kwanza ya swali haihitaji maneno mengi. Mimi ni mhasibu, na katika taaluma yetu jibu lake lilikuja na tarehe kabisa. Tarehe 1 Januari 2019 kilianza kutumika kiwango cha kimataifa cha uhasibu kiitwacho IFRS 16, na mikataba mingi ya kukodi majengo na magari, ambayo mkodishwaji alizoea kuiandika kama gharama ya kukodi tu, ikalazimika kuingia kwenye mizania, yaani taarifa ya mali na madeni: upande mmoja haki ya kutumia mali, upande wa pili deni la malipo ya kukodi yatakayolipwa. Kiwango hicho kilikuwa kimetangazwa tangu Januari 2016, kwa hiyo hakuna aliyeshtukizwa, ingawa wapo waliokifungua kwa mara ya kwanza siku mkaguzi wa hesabu alipowauliza. Kila taaluma ina tarehe zake za namna hii, nami sioni la kubishania hapo.

Ugumu uko kwenye sehemu ya pili. Wengi wetu tukisikia neno kujifunza tunafikiria semina na vyeti, na bodi nyingi za taaluma zimetuzoesha hivyo kwa kudai saa kadhaa za mafunzo kila mwaka. Sizipingi saa hizo, ila kila aliyewahi kuketi safu za nyuma za ukumbi wa semina anajua ni ngapi kati yake huishia kwenye simu. Kwa maoni yangu, mtu mzima kazini hujifunza zaidi pale kazi yake mwenyewe inapopitiwa na mtu mwingine na kusahihishwa, na jambo hilo ndilo linalozidi kuwa adimu kadiri anavyopanda cheo.

Mwaka 2005 jarida la kitabibu la Annals of Internal Medicine lilichapisha mapitio ya tafiti 62 zilizolinganisha miaka ya daktari kazini na ubora wa huduma yake, na zaidi ya nusu ya tafiti hizo zilionyesha kwamba ubora ulishuka kadiri miaka ilivyoongezeka. Wapo wanaosoma matokeo hayo na kulaumu uzee. Mimi naona sababu nyingine pia: daktari mwanafunzi husahihishwa kila siku mbele ya wenzake, lakini bingwa hana wa kumwambia kwamba amepitwa. Mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake, katika utafiti wao wa mwaka 1993 kuhusu wapiga fidla, walitofautisha kurudia kazi na kufanya mazoezi ya makusudi, yaani kuchagua mahali pa udhaifu, kupashughulikia, na kupata mrejesho wa haraka. Anayefunga hesabu za mwezi kwa utaratibu uleule kila mara anarudia kazi, basi, hata akifanya hivyo kwa miaka 20.

Nimewahi kufanya kazi chini ya mama mmoja, mkuu wa kitengo, ambaye kila mwisho wa mwezi alimkabidhi karani wa chini ulinganisho wa hesabu za benki, yaani karatasi inayolinganisha vitabu vya ofisi na taarifa ya benki, alioutayarisha yeye mwenyewe, ili karani aukague bila kupewa maelezo yoyote. Mwezi mmoja kijana aliuliza kwa nini hundi iliyokwisha kupitwa na muda wake ilikuwa bado imo kwenye orodha ya hundi ambazo hazijafika benki. Mama hakukasirika wala hakujibu kwamba ndivyo tunavyofanya siku zote. Aliagiza leja, wakafuatilia hundi hiyo mwezi baada ya mwezi hadi ilipoandikwa, wakaifuta na kulirudisha deni kwenye orodha ya wadai. Kijana alijifunza jinsi hundi iliyokufa inavyorekebishwa vitabuni, na mama akaanza kuweka tarehe ya kila hundi kwenye ulinganisho wake.

Vitabu navyo vina nafasi yake, mradi visisomwe kwa macho tu. Majaribio ya wanasaikolojia Roediger na Karpicke ya mwaka 2006 yalionyesha kwamba baada ya dakika 5 waliosoma matini na kuirudia walikumbuka zaidi, lakini baada ya wiki moja waliojipima kwa kuandika walichokumbuka ndio waliokuwa mbele. Ukishasoma kiwango kipya, funga kitabu, chukua karatasi, ukokotoe mfano mmoja bila kuchungulia.

Waajiri hawawezi kukwepa sehemu yao. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 140 kuhusu likizo ya masomo yenye malipo tangu mwaka 1974, lakini mfanyakazi bado huambiwa ajiendeleze, kisha akapangiwa kazi hadi usiku. Likizo ni jambo kubwa, na si kila ofisi ndogo itaimudu. Nusu saa baada ya kufunga mwezi, ambapo kila mmoja, mkuu akiwa wa kwanza, anaweka mezani kazi yake moja ikaguliwe na wengine, haihitaji bajeti. Inahitaji mkuu anayekubali kuulizwa na karani.