Shangazi, mbona mama alilia na mimi sikulia?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni dada wa kazi, nipo nyumba moja hapa Tanga. Jumapili mama mwenye nyumba aliniita sebuleni tuangalie filamu ya The Help, ile ya wanawake Weusi waliofanya kazi za ndani kwa Wazungu huko Jackson, Mississippi, mwaka 1963. Mama alilia hasa. Mimi machozi hayakuja, nilikuwa nawaza wale kina mama wanalipwaje. Halafu ile ya kukatazwa choo cha ndani, ni kweli au wametia chumvi? — Dada wa Kazi, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Chumvi ya choo siioni. Kusini mwa Marekani wakati ule vyoo, mabomba ya maji ya kunywa na viti vya basi vilitengwa kwa rangi, tena kwa sheria. Kinachoniudhi ni kwamba filamu imeubebesha ubaguzi wote yule Hilly, bosi wa Kizungu mwenye roho mbaya, hata unafurahi akiaibishwa, kana kwamba shida ilikuwa tabia yake.

Wewe umegusa penyewe. Mwaka 1938 Marekani iliweka kima cha chini cha mshahara, lakini wafanyakazi wa ndani wakaachwa nje mpaka 1974. Mafao ya uzeeni ya 1935 nayo yaliwaruka mwanzoni, wao na vibarua wa mashambani, kazi ambazo Weusi wengi wa Kusini ndizo walizokuwa nazo. Kwa hiyo mwaka ule wa 1963 bosi angeweza kuwa mpole, akakugawia na magauni yake ya zamani, na bado akakulipa anavyopenda bila kuvunja sheria yoyote. Hilo halimlizi mtu sebuleni.

Viola Davis, aliyeigiza Aibileen, alisema mwaka 2018 kwamba anajutia kuicheza filamu ile, kwa sababu wale kina mama hawakusikika. Kalamu kashika Skeeter, binti wa Kizungu anayeandika habari zao. Na Hollywood yenyewe isijifanye mgeni wa mambo haya: Hattie McDaniel alipopata Oscar mwaka 1940 kwa kuigiza mtumishi wa ndani, ukumbini alikalishwa meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake.

Mimi nimekata tiketi za sinema miaka mingi na kipimo changu ni kimoja: je, kamera inamfuata dada mpaka kwake? Tafuta The Long Walk Home ya 1990. Whoopi Goldberg ni Odessa, mfanyakazi wa ndani wa Montgomery, Alabama, wakati wa mgomo wa mabasi ulioanza Desemba 1955, Weusi walipokataa kupanda mabasi kwa sababu ya ubaguzi. Anakwenda kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, kisha unamwona kwake, mke wa mtu na mama wa watoto, amechoka. Hata humo msimulizi ni binti wa bosi. Hawaachi!

Ninayemngoja kwenye sinema ni Georgia Gilmore, mpishi wa mkahawani Montgomery. Wakati wa mgomo aliwakusanya wanawake wenzake, wengine wakiwa wapishi na wafanyakazi wa ndani, wakauza keki na kuku wa kukaanga, na fedha zikasaidia usafiri wa waliosusia mabasi. Walijiita Club from Nowhere, ili mtu akibanwa aseme fedha zimetoka wapi, ajibu hazijatoka popote. Mwaka 1956 alitoa ushahidi kwenye kesi ya Martin Luther King, kiongozi wa mgomo ule, kazi ikaota mbawa. Akaendelea kupika nyumbani kwake, na King akawa anakwenda kula hapo.

Kuhusu mshahara wako hujaniambia kitu, ila hapa Tanzania amri ya kima cha chini inawataja wafanyakazi wa majumbani. Muulize mama mnamo siku za mwanzo wa mwezi, wakati bado ana kitu mkononi.