Mateso ya vita na kufaa kwa urais: hoja ya McCain hupimwaje?

SWALI: Tunaandaa mdahalo kuhusu uchaguzi wa Marekani wa 2008. Upande mmoja unashikilia kwamba miaka mitano na nusu aliyoteseka John McCain, rubani wa jeshi la wanamaji na baadaye mgombea urais wa chama cha Republican, mikononi mwa Vietnam Kaskazini inatosha kuonyesha kuwa alifaa urais. Upande wa pili unasema mateso hayahusiani kabisa na urais, na huenda hata yalimwachia madhara. Hoja za namna hii hupimwaje bila kuishia kwenye ushabiki?

JIBU: Kwanza iondoeni sheria mezani. Ibara ya Pili ya Katiba ya Marekani inataka rais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 35 na awe ameishi nchini miaka 14. Vita haimo. Kwa hiyo kufaa au kutofaa hapa kumeachwa mikononi mwa mpiga kura, naye anahitaji ushahidi. Hapo ndipo pande zenu zote mbili zinapojikwaa, kwa kuyachukua mateso kama kitu kimoja. Ndani yake mna aliyotendewa, mna aliyoyaamua mwenyewe, na mna yaliyombakia mwilini na akilini. Kila moja lina kipimo chake.

Aliyotendewa hayathibitishi kitu. Ndege ya McCain ilitunguliwa juu ya Hanoi, mji mkuu wa Vietnam Kaskazini, tarehe 26 Oktoba 1967, akaangukia katika ziwa la Truc Bach akiwa amevunjika mikono yote miwili na mguu wa kulia. Hayo yanastahili heshima, lakini hakuyachagua. Jenerali mstaafu Wesley Clark alilisema hilo Juni 2008: kurusha ndege ya kivita na kutunguliwa si sifa ya kuwa rais. Akashambuliwa vikali, na hata kampeni ya Barack Obama, mshindani wa McCain, ambayo Clark alikuwa akiiunga mkono, ikajitenga na kauli yake. Kimantiki hakukosea. Kosa lake ni kuishia hapo, maana wafuasi makini wa McCain hawakuwa wakiegemea kutunguliwa, bali uamuzi alioufanya akiwa kifungoni.

Katikati ya 1968 baba yake aliteuliwa kuongoza majeshi ya Marekani katika Pasifiki, na waliomshikilia wakampa nafasi ya kwenda nyumbani. Akakataa. Kabla ya kulipima hilo, someni Kanuni ya Maadili ya wanajeshi wa Marekani iliyotolewa mwaka 1955: inamkataza mateka kupokea upendeleo wowote kutoka kwa adui. Mateka wenyewe nao walishika utaratibu kwamba aliyekamatwa kwanza ndiye atangulie kuondoka. Kwa hiyo kukataa kule kulikuwa kutii sharti lililojulikana, wenzake wakiwa ng'ambo ya ukuta. Kunaonyesha mtu anayeweza kubeba gharama kubwa kwa ajili ya kundi lake, na hilo si dogo. Hakuonyeshi atafanya nini siku atakapowekewa mezani ripoti mbili za kijasusi zinazopingana, bila kanuni ya kumwambia ashike ipi. Sehemu kubwa ya kazi ya urais ni ya aina hiyo ya pili.

Atakayeutumia ushahidi huo aulete wote. Agosti ya mwaka uleule, baada ya siku kadhaa za kipigo, McCain alitia saini ungamo la kulazimishwa. Midahalo mingi huharibika hapa: mmoja anataja kukataa, mwenzake anajibu kwa ungamo, kana kwamba moja linafuta jingine. Ungamo la namna hiyo linapima kipigo, halimpimi mtu. Mateka wengi wa Hanoi walivunjwa hivyohivyo, na wakubwa wao gerezani walilijua hilo na kulizingatia katika amri walizotoa.

Amri hizo ndizo zinazonifanya niseme kwamba uongozi gerezani ni ushahidi mzito kuliko ustahimilivu: unafanana na kazi inayoombwa. Mtazameni James Stockdale, rubani wa jeshi la wanamaji la Marekani aliyetunguliwa mwaka 1965 na kuwa mmoja wa viongozi wa mateka. Mateka walizungumza kwa kugonga ukuta. Alfabeti ilipangwa katika mistari mitano yenye herufi tano tano, K ikaachwa na C ikashika nafasi yake. Mapigo ya kwanza yalitaja mstari, ya pili yakataja herufi ndani ya mstari. M ni mapigo matatu, kisha mawili. Kwa njia hiyo Stockdale alisambaza amri fupi fupi: usiiname hadharani, usizungumze redioni, usikiri uhalifu, umoja kwanza nafsi baadaye. Kuunda utaratibu ambao watu walioumizwa wanaweza kuufuata, tena ukiwa huwaoni kwa macho, ni utawala kamili.

Hata hivyo uongozi huo haukumvusha mbele ya wapiga kura. Mwaka 1992, akiwa mgombea mwenza wa Ross Perot, mgombea binafsi wa urais, alibabaika kwenye mdahalo wa televisheni, na kuna mahali aliomba swali lirudiwe kwa kuwa hakuwa amewasha kifaa chake cha kusikia. Wengi walimhukumu kwa jioni ile moja. (Mdahalo nao ni kipimo kibovu, lakini hilo ni swali la siku nyingine.)

Tukija kwenye madhara, kabla hamjasema kifungo kilimharibu mtu, ulizeni alikuwaje kabla yake. McCain alisifika kwa hasira na ukaidi tangu chuo cha wanamaji, alikohitimu mwaka 1958 akiwa wa 894 kati ya 899. Tabia iliyotangulia kifungo haiwezi kuwa zao la kifungo. Uvumi ulipoenea mwaka 1999 kwamba alirudi akiwa hana utulivu wa akili, alitoa takriban kurasa 1,500 za kumbukumbu za afya yake. Zilihusisha uchunguzi wa miaka mingi ambao jeshi la wanamaji liliwafanyia mateka waliorejea, na hazikuonyesha ugonjwa wa akili. Faili la aina hiyo ndilo la kudai: vipimo vinavyofuatana kwa miaka, vilivyoandikwa na madaktari kabla mtu hajawaza kugombea. Barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa wakati wa kampeni haifiki popote.

Mwilini, hakuweza kuinua mikono juu ya mabega. Haikuwa hoja, Franklin Roosevelt alitawala miaka 12 akiwa amepooza miguu. Mwaka 2008 cha kuuliza kilikuwa melanoma, saratani ya ngozi aliyofanyiwa upasuaji mwaka 2000, pamoja na umri wa miaka 72 ambao angekuwa nao siku ya kuapishwa. Mwezi Mei waandishi wa habari walipewa saa tatu kupitia kurasa 1,173, bila ruhusa ya kutoa nakala. Upande wenu wa pili ungepata hoja halali hapo kuliko kwenye makovu ya Hanoi.

Ushahidi mrefu zaidi hauko gerezani. Aliachiliwa Machi 1973, akachaguliwa Baraza la Wawakilishi mwaka 1982 na Seneti mwaka 1986. Mwaka 2005 alisimamia katazo la ukatili dhidi ya wafungwa walio mikononi mwa Marekani, likapita Seneti kwa kura 90 dhidi ya 9, na hapo aliyoyapitia yalimpa sauti ambayo wenzake hawakuwa nayo. Februari 2008, akiwa anagombea, alipiga kura kupinga mswada wa kuwabana maofisa wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, watumie tu mbinu za mahojiano zilizomo katika mwongozo wa jeshi la nchi kavu. Sababu aliyotoa ni kwamba CIA ilihitaji nafasi ya kutumia mbinu nyingine zilizo halali. Wekeni kura hizo mbili mbele ya wasemaji wenu, na kila upande ueleze zote mbili, usiishie kwenye ile inayoupendeza.