Chama cha watendaji wa komini: usianze na mchango

Ndugu wa komini ya Katuba, unasema watendaji wa komini (sehemu za mji) mlioungana nao katika chama hapa Lubumbashi wameacha kulipa mchango tangu mwezi wa tatu, unauliza muwafukuze au la. Pole sana. Msiwafukuze.

Jiulize kwanza: mtu akitoka mkutanoni anarudi na nini? Chama chetu kilikuwa kinakufa kwa hotuba. Kiliamka siku mwenzetu wa komini ya Kampemba alipoweka mezani daftari lake la ushuru wa soko, stakabadhi zimebanwa kwa pini ukurasa kwa ukurasa, akatuonyesha anavyofunga hesabu kila jioni. Tulikaa mpaka giza likaingia! Tangu hapo kila mkutano mmoja analeta kazi yake.

Hesabu ya sanduku isomwe mbele ya wote, hata zikiwa faranga chache. Karatasi zinazotakiwa na sheria ya vyama ya Kongo ya 2001 zifuatilieni taratibu. Maadili yaandikeni sasa: wenzenu wa Marekani, chama cha mameneja wa miji kiitwacho ICMA, walianza 1914, kanuni zao za maadili zikaja 1924. Ninyi msingoje hivyo.

Na mkuu wa komini asiwe mwenyekiti. Nani atataja shida za ofisi mbele ya mkubwa wake?