Fundi, Nianze na Hema au Springi?

Maswali ya wasomaji kuhusu magari na safari za porini. Anayejibu ni fundi wetu wa Arusha, ambaye maisha yake ya kazi yamepita chini ya magari ya watalii.

Shikamoo fundi. Ninafanya biashara ya mahindi hapa Babati. Nimenunua Land Cruiser pikapu ya kebini moja, injini 1HZ, iliyokuwa ya mradi wa maji. Ina bodi nzito ya chuma waliyoichomelea wenyewe. Nataka niigeuze iwe gari la kutembea na kulala porini, mimi, mke wangu na kijana wetu wa darasa la nne. Safari ya kwanza ni Ziwa Natron, halafu tupande Loliondo tuingie Serengeti. Nimeorodhesha hema la juu ya gari, bampa la chuma na winchi, friji, tangi la maji la lita 100, betri ya pili, spea ya pili na madumu manne ya dizeli. Fundi mmoja anasema ataongeza jani moja kwenye springi za nyuma na gari litabeba yote. Mwingine anasema ninunue hema kwanza, maana ndilo la bei kubwa. Nianze wapi? – Msomaji, Babati

Marahaba, mwanangu. Anza kwenye mzani. Kabla ya hema, kabla ya springi, kabla hata hujamwita mtu wa kuchomelea. Wewe unauza mahindi, kwa hiyo ghala lenye mzani wa magari unalijua. Jaza tangi la dizeli, toa kila kitu kwenye bodi, kisha gari lipimwe mara tatu: tairi za mbele peke yake, za nyuma peke yake, halafu gari zima. Tafuta bamba la kiwandani usome uzito ambao gari halitakiwi kuuvuka likiwa na mafuta, watu na mizigo. Toa uzito uliopima. Kinachobaki ndicho chako, na ile bodi ya mradi itakuwa imeshakula sehemu yake.

Sasa tuipigie hesabu orodha yako. Haya ni makadirio yangu kwa vifaa ninavyovifunga mara kwa mara. Hema kilo 60, na fremu ya kulibeba 40. Bampa na winchi 105. Friji ikiwa na chakula 40. Maji lita 100 ni kilo 100, na tangi lenyewe 10. Madumu manne ya chuma ya lita 20 yakijaa dizeli ni kama kilo 83. Betri 27, spea na rimu yake 38. Jiko, mtungi wa gesi, spana, jeki, sepeto na masanduku, weka 80. Tumeshafika kilo 583, karibu magunia sita ya kilo mia, na hakuna mtu aliyepanda. Ongeza familia na nguo zenu, umevuka 800. Gari hili ni la kubeba kama tani moja, lakini si tani ya kila siku juu ya mawe, na si tani iliyowekwa juu ya kichwa cha dereva.

Mahali mzigo unapokaa pana uzito wake pia, na hapo ndipo ninapoona magari mazuri yakiharibiwa. Pikapu yako ina mita 3.18 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Ukiweka kilo 200 mita moja nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa mfano tangi la maji na spea vikining'inia mlangoni, ekseli hiyo haibebi 200. Inabeba 263, na zile 63 za ziada zimeondolewa mbele. Pua inainuka, usukani unakuwa mwepesi, na taa zako zinamulika juu ya miti. Chasisi nayo inapindwa kila gari linaporuka korongo. Kwenye magari yaliyobebeshwa hivyo, ninapoingia chini na tochi huwa naangalia nyuma ya kebini na karibu na vishikio vya springi. Ufa huanzia kwenye tundu la bolti au ukingoni mwa sehemu iliyochomelewa, na dalili yake ya kwanza ni mstari mwembamba wa kutu mbichi katikati ya vumbi. Ukiuona, safari imekwisha.

Kwa hiyo maji yakae sakafuni, yamegusa ukuta wa kebini. Betri na masanduku ya spana yafuate hapo hapo. Vitu vyepesi, yaani nguo, magodoro na viti, ndivyo viende nyuma na juu. Fremu ya hema isizidi kimo cha paa la kebini. Na ile bodi, mwanangu, kama mradi waliichomelea moja kwa moja kwenye chasisi, ikatwe. Chasisi ya pikapu imetengenezwa ijipinde kidogo gari linapopita penye mabonde. Bodi ifungwe kwa bolti na mipira ili kila kimoja kicheze peke yake. Usimruhusu mtu yeyote achomelee wala atoboe kingo za juu na za chini za chasisi. Ukipata bodi ya alumini, au ukapunguza mabati yasiyo na kazi kwenye hiyo uliyonayo, umenunua nafasi ya maji na chakula bila kugusa springi.

Kuhusu jani la springi, sikubaliani na mwenzangu. Jani moja geni kati ya majani yaliyochoka halibebi sawa na wenzake. Ndilo linalofanya kazi yote mpaka livunjike, na likivunjika huko Engaruka, njiani kwenda Natron, utalala barabarani. Ukishajua gari litatembea na kilo ngapi, nunua seti nzima ya springi za uzito huo, pande zote mbili, pamoja na bushi mpya na yu-bolti mpya, zile zinazobana springi kwenye ekseli. Shokapu ziendane nazo. Kwenye rafu rodi shokapu ya bei rahisi huchemka, oili yake inakuwa povu, na kuanzia hapo gari linarukaruka tu. Simama baada ya nusu saa ya mwendo uziguse kwa mgongo wa mkono: zote nne zinatakiwa ziwe za moto. Iliyo baridi haifanyi kazi. Yu-bolti mpya zikazwe tena baada ya kilomita 500, kwa sababu majani mapya hukaa sawa yakishatembea. Wengi husahau hili, kisha senta bolti, ile inayoshika majani pamoja, inakatika na ekseli inahama.

Tairi ndizo ningezipa fedha zako za mwanzo baada ya springi. Pikapu nyingi za aina hii huja na 7.50R16 za tyubu kwenye rimu zenye ringi ya kufunga. Uzuri wake ni kwamba unaziba pancha popote kwa vyuma viwili na kiraka. Ubaya wake ni kwamba ukipunguza upepo kwa ajili ya mchanga, tairi huteleza juu ya rimu, huburuta tyubu, na valvu inang'oka. Na ile ringi imeshaua watu. Wakati wa kujaza upepo fungia rimu mnyororo, au ilaze chini ya gari, na mtu asisimame mbele yake, sembuse kijana wako. Ushauri wangu ni rimu za kipande kimoja na tairi zisizo na tyubu za 235/85R16. Kimo chake kinakaribiana sana na hizo za zamani, kwa hiyo spidi mita haidanganyi na hakuna kinachogusa. Rimu ziwe za bolti tano, zilizoandikwa uwezo wa kubeba mzigo.

Nunua pia pampu ya upepo inayotumia betri ya gari, na kipimo kizuri. Ukishaacha lami, punguza robo ya upepo na upunguze mwendo. Kwenye mchanga mzito shuka hadi psi 18 au 20, endesha polepole, usikate kona kwa ghafla, na ukitoka ujaze tena. Upepo sahihi unakutoa mahali ambapo winchi isingekusaidia, kwa sababu kwenye tambarare ya Natron hakuna mti wa kuifunga.

Ndiyo maana kwa safari ya kwanza winchi na bampa lake ningeviacha dukani. Beba vibao viwili vya kuweka chini ya tairi, sepeto, mkanda wa kuvutia, na ubao mnene wa kuwekea jeki. Mkanda ufungwe kwenye ndoano iliyokazwa kwenye chasisi, kamwe usifungwe kwenye kile kichwa cha kuvutia trela. Kikikatika huruka kama risasi.

Madumu manne nayo yapungue. Kama tangi lako ni la lita 130, na 1HZ ikaenda kilomita 5 kwa lita hata kwenye mchanga na gia nzito, una kilomita 650. Chukua dumu moja. Maji ya watu watatu kwa siku nne, ya kunywa na kupikia, ni lita 60. Ukifika mji wa Mto wa Mbu, jaza kabla ya kuacha lami.

Betri ya pili ni sahihi, kwa sababu friji ya kambini itamaliza betri ya kuwashia gari mkiwa mmelala. Lakini waya unaotoka betri kwenda nyuma uwe mnene, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, si huko kwenye friji. Waya usio na fyuzi ukisuguliwa na bati mpaka ukagusa bodi, gari linaungua, na nimeliona moja likiungua likiwa limeegeshwa.

Kabla ya kuondoka, rekebisha vipumulio vya difu, lile kasha la gia lililo katikati ya ekseli. Difu ikiwa ya moto ukaiingiza mtoni, hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia kwenye sili. Unganisha mpira mrefu kutoka kwenye kipumulio hadi juu kwenye injini. Kati ya Engaruka na Ngare Sero, kijiji kilicho kando ya Natron, kuna makorongo yanayoshuka kutoka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, makavu asubuhi na yamejaa jioni kama mvua imenyesha juu. Yakijaa, zima injini usubiri. Mkiondoka Natron, osha uvungu wote kwa maji baridi mengi, kwa maana ile magadi hula chuma.

Hema nunua mwisho, ukijua umebakiwa na kilo ngapi. Na ukibadilisha bodi, waulize TRA kuhusu kadi ya gari, kisha uwaarifu watu wako wa bima kabla ya safari.

Habari fundi. Pikapu yangu ina hiyo hiyo 1HZ, na nikipanda mlima na mzigo wa kambi malori yananipita. Nifunge tabochaja? – Msomaji, Nanyuki

Nzuri, ndugu yangu. Hapana. 1HZ ni injini ya silinda sita, ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, iliyotengenezwa bila tabo, na dizeli yake huanza kuungua kwenye chumba kidogo kilicho ndani ya silinda hedi. Ukiisukumia hewa na dizeli zaidi, joto hupanda hapo hapo, na silinda hedi ndiyo inayopasuka. Wapo waliofunga kwa uangalifu, wakaweka kipimo cha joto la moshi na dereva anayekitazama, na wanaendelea vizuri. Lakini kwa gari linalokwenda mbali na gereji, upole wa injini hii ndio mali yake. Safisha chujio la hewa, pima nozeli, hakikisha breki hazishiki, punguza mzigo, na ukiwa mlimani shuka gia mapema. Tena uliza mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Kama hakuna anayejua, ubadilishe kabla ya mlima wowote.

Fundi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Iringa. Nina Hilux dabo kebini yenye kanopi, na nataka kulala ndani ya bodi nikiwa Ruaha badala ya kununua hema la juu. Mjukuu wangu amenishonea turubai zuri la bluu la kivuli. Nimepungukiwa nini? – Mwalimu, Iringa

Salaam, mwalimu. Wazo lako nalipenda kuliko mahema mengi ninayofunga. Uzito unabaki chini, gari haliyumbi, na hupandi ngazi usiku. Bodi ya dabo kebini ni fupi kwa mtu kujinyoosha, kwa hiyo tengeneza sakafu ya mbao itakayolala juu ya masanduku na kutokeza juu ya mlango wa nyuma ukiwa umefunguliwa. Mlango huo uushikilie kwa minyororo miwili mizima, kisha uzibe pengo lote kwa turubai nene lenye zipu. Madirisha ya kanopi yawe na wavu. Jiko la mkaa lisiingie humo hata likiwa limebaki na majivu ya moto, wala usipikie gesi humo mvua inaponyesha. Hewa ya mkaa haina harufu na haimwamshi mtu. Lala kwenye kambi zilizoruhusiwa na hifadhi, na chakula chote, hata ganda la embe, kifungiwe ndani ya kebini.

Turubai la bluu limwachie mjukuu alitumie nyumbani. Ruaha ina mbung'o, na rangi inayowavuta zaidi ni bluu. Mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi kwa sababu hiyo. Mwombe akushonee jingine la kaki, na nguo zako za safari ziwe za rangi hiyo hiyo.