Divai sebuleni, na marafiki wawili wasiokunywa

*Shikamoo Shangazi. Naishi Nyali, Mombasa. Mwezi ujao natimiza miaka 35 na nataka kuwaalika marafiki wanane nyumbani tuonje divai, bila makuu. Wawili kati yao ni Waislamu, hawanywi. Nikiwaacha wataumia, nikiwaita naona kama nawakosea. Mwingine hujigamba kwamba anaijua divai, na mimi sijui hata ninunue ipi. Nifanyeje?*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na hao wawili, maana hapo ndipo shughuli inaweza kuharibika kabla chupa haijafunguliwa.

Wapigie simu wewe mwenyewe, mmoja mmoja, kabla hujaandika chochote kwenye grupu la WhatsApp. Sema wazi kwamba jioni ya divai kutakuwa na pombe mezani, na hukutaka walisikie jambo hilo kwa watu. Usiongeze kwamba soda itakuwepo. Kwa Waislamu wengi katazo si la kunywa tu. Hata kukaa kwenye meza inayozungushwa pombe hawakubali, na soda haibadilishi kitu. Wala usiwanunulie ile divai inayoitwa haina kilevi ukidhani umewasitiri. Nyingi hutokana na divai halisi iliyoondolewa kilevi, na huenda ikabaki na hadi asilimia 0.5.

Na kwa kuwa ni siku yako ya kuzaliwa, ningependa ugeuze mpango. Sherehe yenyewe iwe ya kahawa tungu, halua, tende na kaimati, na wote wanane waje. Divai iwe jioni nyingine, ya wanaokunywa. Hapo hakuna atakayeona ametengewa siku ya masalio.

Sasa hiyo jioni ya divai. Mtakuwa saba. Nunua chupa tano za mililita 750 na ya sita ya akiba. Kila mtu mmiminie mililita 50 tu ya kila aina: pima maji ya kiasi hicho kwa kikombe cha dawa, yatie kwenye glasi, utie alama kwa kalamu, ndiyo iwe kipimo. Hivyo kila mmoja ataonja robo lita kwa jumla, ambayo ni theluthi ya chupa.

Za Afrika Kusini zinapatikana kwa urahisi, tena nyingi zina kifuniko cha kuzungusha, huhitaji kizibuo. Anza na Sauvignon Blanc, kisha Chenin Blanc, zote nyeupe, halafu rozé, ile ya waridi, halafu Pinotage, zabibu nyekundu iliyozalishwa hukohuko mwaka 1925 kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsault. Maliza na Cabernet Sauvignon, nyekundu nzito. Ukipata ya Naivasha, iweke badala ya mojawapo. Watu hupenda kuonja cha nyumbani. Usivuruge mpango huo. Divai nyekundu nzito ina ukakasi, ule wa bibo unaokausha ulimi, na ukitangulia, nyeupe itaonekana maji matupu.

Kuhusu huyo mjuzi: funga kila chupa kwa gazeti au kipande cha leso, toka shingoni hadi chini, uandike namba 1 hadi 5. Kila mtu aandike alichonusa kabla ya yeyote kusema neno. Lebo na bei zikifichwa, maringo hayana pa kushika. Mpe yeye kazi ya kumimina, ataifanya kwa raha.

Joto la Mombasa ndilo adui yako mkubwa. Usiache chupa kwenye gari hata kwa saa moja ya mchana. Ukiona kizibo kimesukumwa juu au shingo inanata, divai hiyo huenda imepikwa na jua. Vitabu husema nyekundu inywewe kwa joto la chumba, lakini chumba hicho ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Sebule yako inaweza kufika 30, na hapo utanusa spiriti tu. Tia nyekundu kwenye friji dakika 40 kabla. Nyeupe ikae saa tatu, au izamishe kwenye ndoo ya barafu, maji na konzi ya chumvi kwa dakika 20. Barafu bila maji hukawia, kwa sababu haiishiki chupa pande zote. Ukishamimina, irudishe ndooni.

Siku hiyo usifukize udi nyumbani, usiweke asumini mezani, wala usiwashe dawa ya mbu ya moshi. Waombe wageni wasijipulizie manukato. Pua ndiyo inayoonja zaidi kuliko ulimi, na udi hukaa kwenye mapazia siku nzima.

Watu waje wameshakula kidogo. Mezani weka mkate mkavu, korosho na maji mengi, na kopo la kutemea; kutema si utovu wa adabu. Viazi karai na mishkaki vije baada ya kuonja, kwa sababu pilipili na kilevi huchoma pamoja na huzidisha ukali wa nyekundu. Anayetaka kushushia viazi vya pilipili na arudi kwenye Chenin.

Chupa ikinuka boksi lililoloa, kizibo kimeiharibu. Ikinuka siki, imechacha. Mwaga, fungua ya akiba.

Hatari huja mwishoni. Hesabu yako itabakisha mililita 400 katika kila chupa, yaani lita mbili nzima mezani, na hapo ndipo waonjaji hugeuka walevi. Ukimaliza namba 5, fichua lebo, watu wacheke, kisha ziba chupa zote, isipokuwa Chenin ya kushushia viazi, uzipeleke friji. Zitafaa siku mbili tatu. Na usafiri upangwe mapema. Anayerudi mbali, kama Likoni, asishike usukani, waite teksi kabla hamjaketi kula.