Kabla hujafungua milinganyo ya mawimbi ya mshtuko

Karibu muhula mzima nilidhani wimbi la mshtuko huipiga chembe teke moja tu, ikaruka zake na nishati kibao. Kama nawe umeingia na picha hiyo, ifute mapema.

Chembe yenye chaji huvuka wimbi, ikageuzwa na uga wa sumaku uliovurugika, ikarudi, ikageuzwa tena upande wa pili. Plazima (gesi ya chembe zenye chaji) za pande hizo mbili zinasogeleana, ndiyo maana kila mzunguko huacha faida kidogo. Usitafute migongano: plazima ya angani ni hafifu mno, protoni karibu hazigusani. Kazi ya kugeuza ni ya sumaku.

Sasa shika karatasi, kompyuta isubiri. Chukua wimbi la supanova, yaani mlipuko wa nyota, linalokwenda kilomita 6,000 kwa sekunde, yaani asilimia 2 ya kasi ya mwanga. Wimbi lenye nguvu hivyo huibana gesi mara 4, na kwa chembe ambazo tayari zinakimbia karibu na kasi ya mwanga, faida ya mzunguko mmoja ni kama asilimia 2. Uwezekano wa chembe kusombwa nyuma ya wimbi isirudi tena nao ni asilimia 2 kwa kila mzunguko. Anza na chembe 1,000. Baada ya mizunguko 100 zimebaki kama 130, kila moja na nishati mara 7 hivi. Baada ya 350 imebaki moja, nishati mara 1,000. Nilipoziona safu hizo mbili, ya idadi na ya nishati, zikiwiana (moja ikishuka kadiri nyingine inavyopanda) ndipo nilipoelewa matokeo ya 1977 na 1978 ya wanafizikia Krymsky, Axford, Bell na Blandford kuhusu mawimbi haya kuharakisha chembe, ambayo nilikuwa nimeyakariri tu.

Hesabu hiyo inaficha jambo moja, na watahini wanalipenda: chembe ya kwanza inaingiaje kwenye mzunguko huo? Protoni ya polepole huzunguka kwenye duara dogo mno, haiwezi kuruka unene wa wimbi. Elektroni, nyepesi karibu mara 1,836, ina shida zaidi.

Halafu pakua data za chombo cha anga cha Voyager 1, ziko wazi kwa kila mtu. Desemba 2004 kilivuka wimbi la mwisho la upepo wa jua, yaani wimbi la mshtuko ambapo mkondo wa chembe kutoka juani hupunguza kasi ghafla, wengi wakitarajia kuona pale pale kilele cha chembe zilizoharakishwa hadi nishati kubwa. Hakikuwepo. Chora grafu hiyo kwa mkono wako.